Difu Niliyoikaza Mimi

Biharamulo, jioni

Mwanangu Adela,

Mambo ya safari mama yako ameshakuambia yote, na mengine ameyarudia mara tatu. Sina la kuongeza kuhusu begi, wala chakula cha chuoni, wala marafiki wa kuchagua. Una miaka kumi na tisa na unajua kujitunza kuliko nilivyojua mimi nikiwa na thelathini. Ninachokuandikia ni kitu kimoja tu, na si kizuri. Nimekaa gerejini kwenye lile benchi la kufungulia injini, mlango uko wazi, na kama unavyojua hakuna gari hata moja la kunisumbua.

Unakumbuka barua uliyoandika ya kuomba nafasi chuoni? Walitaka mseme kwa nini mnataka kusomea ufundi wa magari. Ulitusomea tukiwa mezani, na sauti yako ilikuwa imejaa fahari. Uliandika kwamba ulipokuwa mdogo fundi mmoja mzembe aliharibu gari la mtu, mama mmoja akavunjika nyonga, na baba yako, mtu mwaminifu, akabaki na aibu ya kosa lisilo lake. Uliandika kwamba unataka kuwa fundi kama baba yako, ili watu kama yule wasipate nafasi ya kuumiza wengine. Mama yako aliinuka akatoka nje, sahani yake ikiwa nusu. Wewe ulidhani ameguswa. Mimi nikasema, "Umeandika vizuri." Maneno hayo mawili bado nayasikia kinywani, machungu kama kwinini.

Yule fundi mzembe hakuwepo, Adela. Kulikuwa na Leonida, na kulikuwa na mimi.

Nadhani unamkumbuka Leonida zaidi ya unavyosema. Ulimwita baba mdogo. Alikubeba mabegani kwenda kanisani, na ndiye aliyekufundisha kusoma kipimo cha milimita kabla shule haijakufundisha kugawanya. Mimi ni mtoto wa Mbuba, yeye wa Kibimba, na tulikutana hapa Biharamulo tukiwa vijana, wote tumetoka Ngara kutafuta maisha, wote tukilala kwenye chumba kimoja nyuma ya gereji ya mtu. Nilipofungua gereji yangu, nilimwita yeye. Tulifanya kazi miaka minane. Mimi nilikuwa na mdomo, yeye alikuwa na mikono na macho. Wateja walikuja kwa sababu yangu na wakarudi kwa sababu yake. Hilo sikuwahi kumwambia mtu, hata yeye mwenyewe.

Alikuwa anasoma. Sisi wengine tulikuwa tukifungua kitu, tunakiangalia, tunakisia. Leonida alikuwa anakaa na kitabu cha maelekezo na kamusi, neno kwa neno, mpaka aelewe. Nilimtania sana kwa hilo, mbele ya wateja. "Padri wetu anasali kwanza," nilikuwa nasema, watu wanacheka, naye anatabasamu na kugeuza ukurasa.

Sasa nikueleze kuhusu gari, maana utakutana na magari ya namna hiyo.

Sospeter, yule mfanyabiashara wa mazao, alinunua gari la michezo. Milango miwili, jekundu, la chini kabisa, injini mbele na nguvu zote kwenye magurudumu ya nyuma. Hapa kwetu! Siku alipoingia nalo mjini, watoto walilikimbilia mpaka stendi. Lakini mvua zilipoanza, gari likawa kichekesho. Akitoka kwenye lami akagusa tope, gurudumu moja la nyuma linazunguka kama feni na lingine limesimama, na Sospeter amekaa ndani na miwani yake ya jua huku watu wakimsukuma.

Difu, mwanangu, ndiyo inayogawa nguvu ya injini kati ya magurudumu mawili ya nyuma, ili kwenye kona gurudumu moja liweze kuzunguka haraka kuliko mwenzake. Difu ya kawaida ina ubaya mmoja: gurudumu likikosa pa kushika, nguvu zote zinakimbilia huko huko. Gari la Sospeter lilitoka kiwandani na difu ya kuzuia ubaya huo, lakini ilikuwa imechoka, haizuii tena kitu. Akaja kwetu anataka kubadilisha. Hakutaka ile ile ya zamani. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba kuna difu zinazotengenezwa na viwanda vingine kwa ajili ya mashindano, na akataka moja ya hizo.

Leonida alichukua siku nne kusoma. Kisha akatukalisha, mimi na Sospeter, akatueleza taratibu. Kuna aina inayofanya kazi kwa gia tupu, akasema, ni ya upole, inasaidia bila dereva kuisikia. Na kuna aina ya sahani: ndani yake kuna sahani nyembamba za chuma zimepangwa, zikibanwa zinashikana na kuyafanya magurudumu mawili yazunguke pamoja. Hizo za sahani nazo ziko namna mbalimbali. Nyingine zinabana unapokanyaga mafuta tu. Nyingine zinabana unapokanyaga na unapoachia pia.

"Hiyo ya mwisho ni ya watu wa kuserereka kwenye uwanja wa mashindano," Leonida alisema. "Kwa barabara zetu, na mvua hizi, nachagua ya gia. Ukitaka sahani kabisa, basi ile inayobana ukikanyaga tu, na tuifunge kwa ulegevu."

Sospeter aliniangalia mimi. "Bosi, wewe unasemaje?"

Hapo ndipo, Adela. Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja. Nilichokuwa nacho ni mazungumzo niliyoyasikia kwa vijana fulani Mwanza, waliosema difu ya kweli ni ile inayobana pande zote, ukikanyaga na ukiachia. Na nilikuwa nimechoka kuona mteja anamsikiliza Leonida kwa dakika ishirini bila kupepesa. Nikasema, "Hayo ya upole ni ya mama wa kwenda sokoni. Gari kama hili linataka difu ya wanaume."

Sospeter akacheka. Ikawa imekwisha, tukaagiza hiyo.

Difu ilipofika, Leonida aliipanga mezani juu ya kitambaa safi. Kwenye boksi lake la kadibodi aliandika kwa kalamu ya wino kipimo cha kiwanda cha kukaza sahani, na chini yake akaandika kipimo alichopendekeza yeye, cha chini kabisa kinachoruhusiwa, na neno "mvua" akalipigia mstari. Mimi niliongeza shimu mbili. Shimu ni vile visahani vyembamba vya kujaza nafasi. Ukiongeza, sahani zinabanana zaidi hata kabla gari halijatembea. Leonida alishika spana ya kupimia, akazungusha, akasoma, akaniangalia.

"Kaka, imepita hata kile cha juu cha kitabu."

"Funga."

"Kaka, hii si difu tena. Ni kama tumechomelea."

"Leonida, gereji ni ya nani?"

Alifunga. Bolti ya mwisho ilikazwa na mkono wake, kwa amri yangu. Kumbuka hilo, maana ndilo nililolitumia.

Tulikwenda kulijaribu kwenye kiwanja cha mpira cha shule. Difu mpya ya sahani inatakiwa izoeshwe, uzunguke polepole kwa namba nane, kushoto na kulia, kisha ubadilishe oili. Kila tulipokata kona, gurudumu la ndani lilikuwa linaruka na kuburuta udongo, na huku nyuma kitu kinagonga kama mtu yuko kwenye buti anataka kutoka. Tulipoachia mafuta ndani ya kona, usukani ukawa mwepesi na pua ya gari ikaenda ilikotaka.

"Linakataa kukata kona," Leonida alisema. "Niruhusu nilifungue leo. Nitalala nalo hapa hapa. Kesho litakuwa tayari."

Nilisema litazoea. Sospeter alipokuja na kuuliza ile milio ni ya nini, nilimpiga begani na kumwambia, "Hiyo ndiyo nguvu yenyewe unaisikia." Akafurahi. Akaondoka akirusha mawe nyuma.

Wiki ya pili, alikuwa anatoka Ngara na mkewe Verdiana. Verdiana unamjua, ni yule mama wa vitenge. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Kuna sehemu walikuwa wanakarabati barabara, magari yanapitishwa pembeni kwenye udongo, mteremko wenye kona ya kushoto. Sospeter hakuwa anakimbia. Aliyekuwa nyuma yao na lori alisema hivyo, na Verdiana mwenyewe amesema hivyo. Alifanya anachofanya dereva yeyote akiona kona kwenye utelezi: aliachia mafuta. Na difu ikabana. Magurudumu ya nyuma yakashikana yakawa kitu kimoja, yakalisukuma gari mbele, na tairi za mbele zikateleza juu ya tope zikiwa zimegeuzwa kushoto, zisifanye lolote. Gari likaenda moja kwa moja kana kwamba kona haipo. Likaingia mtaroni kwa upande wa abiria.

Verdiana alikaa hospitalini muda mrefu. Nyonga yake ilipona vibaya. Ile mimba aliyokuwa nayo haikupona.

Hilo la mimba hukulijua. Nami sikulijua mpaka mwaka huu.

Gari lililetwa kwangu kwenye lori, limekunjwa. Sospeter alikuja kesho yake na kaka zake wawili, shati lina damu bado. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, "Nani alifunga difu?"

Nikajibu, "Leonida."

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana ilitoka kwa urahisi. Ningeweza kuishia hapo na labda ningepata baadaye njia ya kuinyoosha. Lakini kaka yake mmoja akauliza, "Na wewe ulikuwa wapi?" Nikasema, "Nilimwambia asiikaze hivyo. Nilimwambia kabisa."

Leonida alikuwa amesimama karibu na pipa la maji, anafuta mikono. Alisikia. Nilisubiri anirukie, au aseme ukweli, nami nilikuwa tayari nimeshapanga la kumjibu. Aliniangalia mimi, akauliza, polepole, "Kaka, mimi?"

Ni maneno mawili tu. Miaka kumi nimejaribu kuyasahau.

Ningekwambia kwamba watu walihitaji kushawishiwa, lakini hawakuhitaji. Wazazi wa Leonida walitoka Burundi. Yeye alizaliwa Kibimba, akasoma Kibimba, wazazi wake wamezikwa Kibimba. Kwa miaka minane alikuwa fundi Leonida. Siku hiyo kabla jua halijazama alikuwa "yule Mrundi". Nilisikia mtu akiigiza anavyosema "gali" badala ya gari, watu wakacheka, kana kwamba nusu ya waliokuwa pale, mimi nikiwemo, hatusemi hivyo hivyo tukiwa na haraka. Kuna aliyesema hawa watu huwezi kuwaamini na chuma. Nilikuwa nimesimama hapo. Nilijua jinsi hayo maneno yalivyo ya kijinga, na nilijua yananifaa, na nikayaacha yafanye kazi yake.

Alipoondoka na familia yake hakuchukua hata spana zake. Mkewe alikuwa amembeba mtoto mgongoni na godoro kichwani. Mama yako aliwakimbilia na kikapu cha viazi. Aliporudi aliniuliza, "Ni kweli yeye ndiye?" Nikasema ni kweli. Hakuniuliza tena, wala siku hiyo wala miaka iliyofuata. Nilidhani ameniamini. Kumbe alikuwa ameshapata jibu.

Jioni hiyo hiyo nilijifungia na lile gari, nikashusha difu, nikaifungua peke yangu. Sahani zilikuwa zimeungua, nyeusi. Nikatoa zile shimu zangu mbili nikazitupa chooni. Kisha nikachukua boksi la kadibodi lenye mwandiko wa Leonida nikaliwashia moto nyuma ya gereji. Ulikuja ukiwa na hindi bichi mkononi, umevaa sweta ya shule, ukasema, "Baba, nichomee." Nikakuchomea. Lile neno "mvua" lilikuwa linajikunja kwenye moto, nami nageuza hindi lako lisiungue. Ulikula ukiwa umeegemea goti langu. Nimekuwa baba yako miaka kumi na tisa, na nikitaka kujua mimi ni mtu wa namna gani huwa naangalia jioni ile.

Nilidhani nimesema uongo mmoja na umekwisha. Haikuwa hivyo. Kila mteja mpya aliyeuliza, ilibidi niuseme upya, na kila nilipousema niliongeza kitu ili usimame vizuri. Leonida akawa mlevi. Akawa ameshaharibu na magari mengine, nami nikamfichia kwa huruma. Ulipokuwa darasa la saba uliniuliza kwa nini baba mdogo aliondoka, na badala ya kukupa uongo wa zamani, nilikupa huo uliokwisha kunenepa. Wewe uliubeba kwa moyo safi. Ukautetea shuleni. Halafu ukauandika kwa mwandiko wako mzuri, ukautuma chuoni uwe sababu ya maisha yako.

Wiki iliyofuata ile barua yako nilikwenda Kibimba. Nyinyi niliwaambia nakwenda Mbuba kuangalia shamba la babu.

Nilimkuta Leonida shambani, anapalilia maharage kati ya migomba. Amezeeka kuliko mimi, na mimi ndiye mkubwa. Binti yake, yule aliyebebwa mgongoni, alinipokea mfuko akasema, "Shikamoo baba." Hakunijua. Niliitikia marahaba.

Leonida alinitazama, akasimamisha jembe. "Kaka. Umekula?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Walinipa chakula, nikala, maana ningekataaje? Tulipobaki wawili nikasema yote. Nilianza tangu maneno yangu ya difu ya wanaume mpaka moto wa kadibodi. Alisikiliza huku anachambua maharage kwenye ungo. Nilimuuliza kama bado anagusa magari.

"Nani anipe gari?" alisema. "Nilijaribu Ngara mjini. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Nikajaribu Kahama, miezi mitatu, kisha dereva mmoja wa huko kwenu akanitambua. Nikarudi kulima. Nalima vizuri."

Nikamwomba msamaha. Nilipiga magoti, Adela, kwenye vumbi la uwanja wake. Nilidhani magoti yatasaidia.

"Inuka, watoto wataona," alisema. Kisha akauliza, "Adela anajua?"

Nikasema bado.

"Sospeter na mkewe?"

Bado.

Aliweka ungo chini. "Basi hukuja kuniomba msamaha, kaka. Umekuja kupumzika. Umechoka kubeba, umekuja nikutue mimi. Mimi sina haja ya kuambiwa. Nilikuwepo."

Alinisindikiza hadi barabarani, kama mgeni yeyote anavyosindikizwa. Pikipiki ilipokuja hakunipa mkono, na hakusema karibu tena. Sidhani kama nimesamehewa, na sitaki ufikiri kwamba nimesamehewa.

Nikaenda kwa Verdiana. Nilikwenda kwake kabla yako kwa sababu kwake ilikuwa rahisi zaidi. Nilimkuta anakunja vitenge, fimbo yake imeegemea meza, Sospeter yuko nyuma anapanga mzigo. Nikasema. Ndipo nilipoambiwa habari ya mimba. Hakulia. Aliendelea kukunja kitenge kile kile, anakikunjua, anakikunja tena.

"Kila asubuhi nikishusha mguu kitandani unauma," alisema, "na kila ukiuma nimemlaani mtu. Kwa jina. Miaka yote hii, kila asubuhi, yeye na watoto wake." Akaniangalia. "Sasa hizo laana nazirudishaje?"

Sospeter alikuja akasimama kati yetu, akaniambia niondoke kabla hajasahau kwamba mimi ni mtu mzima. Nikaondoka.

Kwa hiyo si wivu, mwanangu. Miezi hii miwili umekuwa ukikasirika kwamba watu wa mji huu wana roho mbaya, kwamba wametukimbia kwa sababu binti wa fundi amechaguliwa chuo. Ulimjibu vibaya mama mmoja dukani kwa ajili yangu. Nilikusikia ukimwambia mama yako, "Baba hajawahi kumdhulumu mtu." Wateja wametukimbia kwa sababu Sospeter amewaambia ukweli, na ukweli huo nilimpa mimi. Watu wote wa hapa wanajua. Umekuwa ukinitetea mbele ya watu ambao wote wanajua, na wamekunyamazia kwa huruma, na mimi nimekuacha uendelee. Nadhani hilo ni baya kuliko mengine yote, maana la kwanza nililifanya kwa kiburi na la pili kwa woga, lakini hili nimelifanya huku nikijiita mtu aliyetubu.

Sikupi mafundisho. Utafundishwa ufundi na watu wanaoujua kuliko mimi, na mambo ya moyo mama yako anatosha. Nitakuambia tu nilichokiona nikiwa kwenye benchi hili. Kosa la shimu mbili lingeweza kufunguliwa kwa kazi ya usiku mmoja. Leonida aliomba kuifanya kazi hiyo bila malipo. Nilichohitaji kusema ni "fungua". Neno dogo hivyo lilinishinda kwa sababu mteja alikuwa anaangalia. Siku moja na wewe utakuwa na gereji, au utakuwa chini ya mwenye gereji, na utakuwa upande mmoja au mwingine wa neno hilo. Sijui utafanya nini. Natumaini hukurithi kila kitu kwangu.

Ile barua yako ya chuoni si lazima uifute. Ulimwandika fundi unayetaka kuwa, na yupo kweli. Ulikosea jina tu.

Nilikuwa nimekusudia kuichomeka barua hii chini ya nguo zako, uikute ukishafika Mwanza, mbali na uso wangu. Nilishaikunja ndogo kabisa kwa ajili hiyo. Halafu nikafikiri: utaisoma peke yako kati ya wageni, utalia au utakasirika bila mtu wa kumkasirikia, na mimi huku nitakuwa nimeshamaliza, nimepumzika, kama alivyosema Leonida. Kwa hiyo nimeikunjua. Nakuja nayo nyumbani sasa hivi, jua likiwa bado lipo, nikupe mkononi. Wewe soma ukiwa chumbani. Mimi nitakaa uani kwenye kigoda mpaka umalize. Ukitoka sema unalotaka kusema, kwa sauti unayotaka, hata majirani wakisikia. Na kama hutatoka, nitakaa hapo hapo mpaka basi lako liondoke asubuhi, na sitakugongea.

Baba yako